Amiri Asiyepoteza Mtu

Nchi ninayoisimulia haipo. Nimeshaulizwa habari zake mara mbili na watu ambao kazi yao ni kuuliza, na mara zote mbili nimejibu hivyo hivyo, mara ya pili nikiwa nimesimama kwa mguu mmoja tangu asubuhi. Kwa hiyo msomaji akiona humu jambo linalofanana na la kwao, ajue ni macho yake tu yanayomcheza.

Ilikuwa dola ya mji mmoja, uliojengwa kwa mawe juu ya visiwa vitatu, enzi zile ambapo mataifa ya mbali yalikuwa yakizunguka baharini kuvumbua nchi ambazo wenyewe hawakuwa wamezipoteza. Mji ulikuwa na Baraza la watu arubaini, na juu ya Baraza aliketi mtu mmoja aliyeitwa Mwenye Kilemba. Kilemba chenyewe kilikuwa kirefu na kizito, na kilikuwa na sheria zake. Aliyekivaa haruhusiwi kufungua barua akiwa peke yake, wala kutoka nje ya mji, wala kuinamisha kichwa, maana kitaanguka. Ndiyo sababu watawala wetu wote walisifiwa kwa kutazama mbele.

Lakini kilichotupa sifa kuliko yote ni Tamko. Mwasisi wa jeshi letu la bahari, Mungu amrehemu, aliwaona maamiri wa nchi nyingine wakipoteza watu mia tano asubuhi na kula pilau mchana, akachukia. Akaweka sharti kwamba mwanamaji wa dola hii hafi mpaka Amiri wake asimame gatini mbele ya watu, alitamke jina lake kwa sauti, na karani alisikie na kuliandika. Jina moja moja, hata wakiwa elfu. Alitaka kila Amiri auonje uzito wa kila mtu kwenye ulimi wake. Lilikuwa jambo jema sana, na kama mambo mengi mema, halikuwa na kifungu cha kusema itakuwaje Amiri asipofungua mdomo.

Mimi ni karani. Jina langu halimsaidii mtu. Nilikuwa wa daraja la tatu mambo haya yalipoanza na sasa ni wa daraja la pili, na jinsi nilivyopanda nitaeleza, ingawa sijivunii.

*

Amiri Shekue wa Tamimu alikuwa na miaka sitini na minane alipopewa ghurabu tisa aende kupigana na Jirani. Ghurabu ni merikebu ndefu ya makasia, na kila moja ilikuwa na wapiga makasia mia moja sitini na wanane. Jirani alikuwa na jina lake, lakini Baraza lilikuwa limekataza lisitajwe, lisije likamtia kiburi. Wapiga makasia wetu walikuwa raia huru kabisa. Walifungwa minyororo kwenye viti vyao kwa usalama wao, bahari ikichafuka wasije wakateleza.

Pamoja na baruti na maji ya kunywa, Amiri alipewa mchoraji. Baraza lilitaka ushindi uchorwe ungali moto, kwa sababu picha za ushindi zinazochorwa baadaye, walisema, hutiwa chumvi. Mchoraji alikuwa mtu makini. Alipanda ghurabu ya Amiri, iliyoitwa Ushindi, akaweka turubai lake nyuma, na walipofika kwenye maji ya Jirani akaomba chombo kitulie kidogo, maana mkono ulikuwa ukimtetemeka na pua ya Amiri inatoka kombo.

Amiri akaamuru nanga itiwe. Sasa katika jeshi letu kulikuwa na adabu moja: hakuna ghurabu itakayong'oa nanga kabla ya ghurabu ya Amiri. Zote tisa zikatia nanga, zikapangana vizuri, na makapteni wao wakakaa wakisubiri pua imalizike. Jirani hakuwa na mchoraji. Alileta mashua kuukuu kumi na mbili zilizojaa lami na makumbi ya nazi, akaziwasha, akaziachia mkondo.

Walioona walisema makapteni walimtazama Amiri, na Amiri alimtazama mchoraji. Mashua ndogo iliposhushwa, picha ndiyo iliyotangulia, kwa kuwa rangi ilikuwa bado mbichi, kisha mchoraji, kisha Amiri. Waliofungwa kwa usalama wao waliendelea kuwa salama kwenye viti vyao mpaka mwisho.

Picha ile ni nzuri, lazima niseme. Merikebu tisa, hata moja haina kovu, na Amiri ameelekeza kidole mbele. Wapiga makasia wote wamechorwa migongo tu, isipokuwa mmoja. Kijana wa kasia la tatu, upande wa kushoto, aligeuka kumtazama mchoraji, na mchoraji hakuwa na muda wa kumwambia ageuke tena. Jina lake Sadala, na mama yake aliitwa Mwanakheri.

*

Amiri aliporudi, gati lilikuwa limejaa wanawake. Hawakulia. Walisimama wametulia kabisa, kwa sababu anayepiga kelele wakati wa Tamko huweza kulifunika jina la mtoto wa mwenziwe. Karani wa zamu alikuwa tayari na daftari. Nilikuwapo, nimeshika wino, na mdogo wangu Vuai alikuwa katika ghurabu ya tisa, iliyoitwa Subira.

Amiri alisimama pale juu. Alifungua mdomo. Aliuacha wazi kwa muda mrefu hata inzi mmoja akafikiria kuingia, akaona bora asiingie. Kisha akaomba maji, akanywa, akasema maneno mawili.

"Wamo safarini."

Akashuka.

Wanasheria wa Baraza walikaa siku nne juu ya maneno yale mawili, wakatoka na nyuso za furaha. Kwa kuwa hakuna jina lililotamkwa, hakuna aliyekufa. Kwa kuwa hakuna aliyekufa, hakukuwa na vita. Kwa kuwa hakukuwa na vita, hatukushindwa. Funika kombe mwanaharamu apite. Kilichobaki ni swali dogo la mbao: ghurabu tisa za mti mzuri wa mvule zimekwenda wapi? Kwa hilo la mbao, Amiri Shekue alishtakiwa. Aliletwa barazani amefungwa mnyororo, wanawe wawili wakimshikia ncha zake usimchafulie kanzu. Wazee watatu wa Baraza walitokwa na machozi. Akahukumiwa kuhamishwa maisha kwenye kisiwa kidogo chenye visima viwili, pamoja na mpishi wake, na akakatazwa kukanyaga gati la mji. Hakuna aliyekumbuka, au waliokumbuka walinyamaza, kwamba mtu asiyekanyaga gati hawezi kutoa Tamko.

*

Watu elfu moja mia tano na kumi na wawili walio safarini wanahitaji kuangaliwa. Hivyo ikaundwa Idara ya Walio Safarini, na mimi nikahamishiwa huko.

Kazi yetu ilikuwa vitanda. Mtu akiwa safarini kitanda chake sharti kiwe kimetandikwa, maana anaweza kurudi wakati wowote, na akikuta kitanda kimetolewa atajiuliza dola inamfikiriaje. Kila Alhamisi nilizunguka mtaani kwangu na fomu. Kitanda kipo? Shuka ni safi? Mto uko upande wa kichwa? Na swali la mwisho, chini kabisa: waliolia katika nyumba hii wiki hii ni wangapi? Maana kulikuwa na kosa la kulia kabla ya wakati. Kumlilia mtu aliye hai ni kumwombea mabaya, na kumwombea mabaya mwanamaji wa dola ni uhaini mdogo. Matanga hayakuruhusiwa. Wake wa walio safarini hawakukaa eda wala hawakuolewa. Walibaki wake za watu, nywele zikawageuka mvi mikononi mwa waume wasiokuwapo. Safari haikuwazuia wanaume kupanda vyeo. Vuai wetu amepandishwa mara mbili. Sasa ni mpiga kasia mwandamizi, na barua zote mbili nimezihifadhi chini ya mto wake.

Mwanakheri alikuwa msokota kamba. Alisokota kamba za nanga kwa makumbi, uani kwake, na viganja vyake vilikuwa vigumu hata akikupa mkono unadhani umeshika kipande cha ubao. Kitanda cha Sadala alikiweka chumba cha mbele. Hakuwahi kunipa taabu. Nilimwamkia, akaniitikia, akanipa kahawa, nikaandika kwamba shuka ni safi na waliolia ni sifuri. Hivyo miaka kumi na minane.

Mwaka wa kumi na tatu hivi, magoti yake yakiwa yameanza kumgomea, aliniambia jambo ambalo sikuwa na pa kuliandika.

"Karani, sitaki arudi. Najua harudi. Nataka kumlilia tu, nipumzike. Nikitangulia mimi, kitanda mtakichukua nyinyi mkakitupe ghalani kwenu. Nani atamlilia? Wewe?"

Nilimjibu kwamba fomu haina nafasi ya jambo hilo. Alicheka kidogo. Nilikwenda zangu nimekasirika, sijui kwa nini, na jioni nikamkemea mke wangu kwa mto wa Vuai uliokuwa umelala upande.

*

Mwaka wa kumi na minane Mwenye Kilemba alifariki kwa kuvimbiwa, na ikabidi achaguliwe mwingine.

Uchaguzi wetu ulikuwa maajabu, na wageni walikuja kuutazama. Ili kuzuia hila, watu thelathini walichaguliwa kwa kura ya kokoto, kokoto zikitolewa mtungini na kuku mweupe aliyefungwa macho. Thelathini walipunguzwa kuwa tisa. Tisa wakachagua arubaini, arubaini wakapunguzwa kuwa kumi na wawili, kumi na wawili wakachagua ishirini na watano, na hivyo kwa siku kumi na moja, kuku akibadilishwa kila alipochoka. Hakuna binadamu ambaye angeweza kupenyeza hila humo. Kwa hiyo hila ilifanywa kabla, siku ya Jumanne, nyumbani kwa Katibu wa Baraza, mbele ya sinia la halua.

Katibu huyo aliitwa Bwana Mudathiri, mtu mwenye sauti nzito na pete saba. Koo kubwa mbili zilikuwa zikigombea kilemba na hakuna iliyokubali kushindwa, basi akashauri wakivike kichwa ambacho hakitakivaa kwa muda mrefu. Je, yule mzee wa kisiwani bado anapumua? Akatumwa mtu kwenda kutazama. Akarudi na habari kwamba anapumua, ila kwa shida. Wote wakaafikiana.

Siku ya kumtangaza, Bwana Mudathiri alisimama chini ya ile picha, iliyokuwa imetundikwa nyuma ya kiti cha enzi, akanena.

"Waheshimiwa, wapo maamiri walioshinda wakapoteza watu. Wapo walioshindwa wakapoteza watu. Katika historia nzima ya bahari ni mmoja tu ambaye, kwa mujibu wa daftari, hajapoteza mtu hata mmoja."

Watu walipiga makofi mpaka vumbi likatoka kwenye mapazia. Mimi nilipiga pia, na kusema kweli nilipiga kwa nguvu, kwa sababu nilikuwa nimesimama karibu na watu wanaotazama mikono ya wenzao.

*

Mwenye Kilemba mpya alikuwa na siku ya kusikiliza raia, mara moja kwa mwaka, raia tisa. Mwanakheri aliomba. Alipata nafasi ya tisa kwa sababu wanane wa kwanza walikuwa jamaa za Katibu na ilibaki moja ya haki. Kanuni ilitaka asindikizwe na karani wa Idara yake, basi nikamsindikiza, nimemshika mkono kwenye ngazi.

Alipoingia hakumtazama mtawala. Aliitazama picha. Mwanawe alikuwa pale juu, juu kidogo ya bega la Mwenye Kilemba, ana miaka ishirini, amegeuka anatazama watu kama mtu aliyesikia jina lake linaitwa. Mama yule alisimama. Nilihisi mkono wake ukinilemea, na kwa mara ya kwanza katika utumishi wangu niliogopa kwamba ataanguka, na kwamba mimi nitalia.

Amiri Shekue alikuwa na miaka themanini na sita. Kilemba kilikuwa kimemzidi, kimetiwa pamba ndani kisimfunike macho. Bwana Mudathiri alimwambia mama aseme haja yake kwa ufupi.

"Bwana Mkubwa, sina mashtaka," akasema Mwanakheri. "Nina jina moja tu. Sadala wa Mwanakheri, ghurabu ya Ushindi."

Mzee alifumba macho, hata Katibu akadhani amesinzia, akaanza kumfungia mama yule shauri lake. Ndipo mzee akasema, bila kugeuka kuitazama picha.

"Kasia la tatu, kushoto. Nawajua wote, mama. Kule kisiwani sikuwa na kazi nyingine."

Bwana Mudathiri alikohoa na kueleza kwamba kutaja si kutamka, kwamba barazani si gatini, na kwamba mimi nisiandike. Sikuandika. Lakini mzee alikuwa ameanza na hakunyamaza. Alimwambia kwamba siku ile gatini hakuliogopa Baraza. Jina la kwanza lilikuwa tayari mdomoni mwake. Aliwaona wao, wale wanawake, jinsi walivyotulia kumngoja, na akawaogopa wao. Alidhani akiondoka angepata nguvu kesho yake. Kesho yake ilikuwa na siku ya pili yake, na Baraza likaona kimya chake kinafaa, wakakijengea nyumba na kukiwekea makarani.

"Sasa gati si unaruhusiwa, baba?" Mwanakheri akamuuliza, taratibu, kama anavyosema mtu na mgonjwa.

"Mara moja kwa mwaka. Siku ya Pete."

"Basi nitakuja."

Mzee aliitikia kwa macho, kwa kuwa kichwa hakiruhusiwi.

*

Siku ya Pete ni siku ambayo Mwenye Kilemba huioa bahari. Husimama ukingoni mwa gati, hutupa pete ya dhahabu majini, na kusema maneno saba ya ndoa yaliyoandikwa zamani. Wazee husema bahari imeshaolewa mara nyingi mno kwa mwanamke aliyekula waume wa wenzake.

Baraza lilijua. Bwana Mudathiri alijiandaa kama mtu mzima. Alileta ngoma sitini na siwa nne za kupuliza, akawapa wapigaji amri moja: maneno saba yakiisha na mdomo wa Mwenye Kilemba bado unakwenda, pigeni, na msiache mpaka ufungwe. Alieleza kwamba ni kwa ajili ya kuipa ndoa shangwe. Mimi niliwekwa hatua mbili kutoka kwa mzee, na daftari la Tamko mikononi, kwa sababu kanuni ya mwasisi inataka karani awepo, na nchi yetu haivunji kanuni.

Wanawake walikuja wote. Waliokuwa wake wamejaa mvi, na waliokuwa mama wamekuja wamebebwa. Walisimama mbali, nyuma ya askari, wametulia vile vile kama miaka kumi na minane iliyopita.

Mzee alitupa pete. Akasema maneno saba. Kisha akakivua kilemba kwa mikono yake miwili, akakiweka chini kwenye mawe, akainamisha kichwa kilichokuwa na upara na mabaka ya uzee, na alipokiinua akaanza.

Ngoma zikalipuka. Sikupata kusikia kelele kama zile, meno yaligongana mdomoni. Askari walitazamana, maana hakuna sheria inayoruhusu kumgusa Mwenye Kilemba, na walioitunga hawakufikiri kwamba ataweza kukivua. Watu walimwona mzee anachezesha midomo tu. Lakini mimi nilikuwa hatua mbili, na alikuwa na sauti ya mtu aliyezoea kuamrisha katika upepo. Nilisikia. Nilisikia jina la kwanza, na la pili. La sita lilikuwa Sadala wa Mwanakheri, kasia la tatu kushoto, na alilitamka polepole kuliko yaliyotangulia.

Wanawake wote walikuwa wakiutazama mkono wangu.

Alimaliza ghurabu ya Ushindi akaingia ya pili. Hakuwa na karatasi. Alikwenda kiti kwa kiti, kulia, kushoto, kama mtu anayetembea ndani ya chombo na kumgusa kila mmoja bega. Wapiga ngoma walichoka wakapokezana. Jua lilipanda. Alipoingia ghurabu ya sita nilianza kumwomba Mungu, na alipoingia ya saba nilizidi, kwa sababu Subira ilikuwa ya tisa na sauti yake ilikuwa imeanza kukatika. Kalamu nilikuwa nayo. Niliwaza kwamba nitaandika yote kwa mpigo, nikishasikia la Vuai, nianzie mwanzo, kumbukumbu yangu ni nzuri, ndiyo iliyonipa kazi. Nilitaka kwanza nimsikie Vuai.

Alianguka katikati ya ghurabu ya nane. Alianguka kwa magoti, kisha ubavu, na mdomo wake ulibaki wazi kama ule wa siku ya kwanza. Ngoma zikanyamaza. Mawimbi yakasikika yakigonga gati.

Bwana Mudathiri akanigeukia. "Karani, umesikia nini?"

Hapa ndipo msomaji angependa niseme kwamba nililazimishwa. Hakuna aliyenishika. Niliwatazama wale wanawake, nikafikiri: nyumba elfu na zaidi zitalia leo, zitafanya matanga, zitatoa vitanda nje, na yangu haimo. Nilipungukiwa na ghurabu moja. Roho yangu iliingiwa na kijicho cheusi ambacho sikujua kwamba ninacho.

"Ngoma, Bwana," nikasema.

Siku hiyo hiyo nikawa karani wa daraja la pili.

*

Kulitokea tatizo la kisheria. Mzee alikuwa hapumui, lakini alikuwa pia Amiri, na Amiri ni mwanamaji, na mwanamaji hafi mpaka mkubwa wake amtamke. Juu ya Mwenye Kilemba hakuna mkubwa. Wanasheria walikaa siku nne nyingine na wakatoka na nyuso zile zile za furaha. Mwenye Kilemba yumo safarini. Kitanda chake kimetandikwa ikulu, na mimi hukikagua. Kilemba kimefutwa vumbi na kuwekwa kitini. Amri hutoka kila siku na muhuri wake, na zile koo mbili hazigombani tena, kwa kuwa hakuna nafasi iliyo wazi. Watu wenye akili husema hatujapata kutawaliwa kwa utulivu namna hii.

Alhamisi iliyofuata nilikwenda mtaani na fomu zangu. Katika kila nyumba waliniuliza swali moja, na nyumba kumi na moja nilizijibu jibu moja. Ya kumi na mbili ilikuwa ya Mwanakheri.

Alikuwa uani na makumbi yake. Aliniitikia, lakini kahawa hakunipa.

"Wewe ulikuwa karibu naye kuliko wote," akasema. "Alimtaja?"

"Ngoma zilikuwa kubwa, mama."

Alitikisa kichwa kukubali. Hakunibishia. Akarudi kwenye kamba yake, na nikaona vile viganja, ambavyo vilisokota kamba za nanga za ghurabu zote tisa, vinashindwa kuzishika nyuzi mbili zikae pamoja. Alizisokota zikafumuka. Akazisokota tena, zikafumuka.

Niliingia chumba cha mbele kufanya kazi yangu. Kitanda kipo. Shuka ni safi. Mto uko upande wa kichwa. Nilipofika hapo nikakaa juu ya kitanda, jambo ambalo ni kosa, na ambalo kwa miaka kumi na minane niliwaonya wengine wasilifanye. Mwanakheri alikuja akasimama mlangoni.

"Wa sita," nikamwambia. "Alikuwa wa sita. Alisema Sadala wa Mwanakheri, kasia la tatu kushoto. Alilitamka vizuri, mama. Nilisikia kila herufi."

Alishika mwimo wa mlango. Nilidhani atanilaani, na nilikuwa tayari, ningeshukuru. Akauliza jambo ambalo miaka yote ile hakuwahi kuniuliza.

"Na wewe una nani huko?"

"Vuai. Mdogo wangu. Ghurabu ya mwisho. Hakufika."

Mwanakheri alikuja, akanisukuma kidogo nisogee, akaivuta ile shuka kutoka chini yangu, akaikunja mara nne kama wanavyofanya watu nyumba ikiwa na msiba, akaiweka pembeni. Kisha akakaa kwenye kamba tupu za kitanda, karibu nami.

"Basi naye tumlilie humu humu," akasema.

Jua lilikuwa limeshaingia upande wa pili wa ua nilipoichukua tena ile fomu. Kitanda kipo, niliandika. Shuka imekunjwa. Nikafika lile swali la chini kabisa, la idadi ya waliolia, ambalo nimelijibu sifuri maelfu ya mara bila kuinua kalamu. Nikaandika wawili, nikatia sahihi, nikaipeleka idarani kwa mkono wangu mwenyewe.

Kesho yake waliniita kuniuliza huyo wa pili ni nani. Macho yangu yalikuwa bado mekundu, lakini utaratibu ni utaratibu, ilibidi waulize.